Mbwa wa kuokotwa kupanda ndege: Kwa nini sindano hutangulia tiketi

Ukisikia kwamba mbwa aliyeokotwa jalalani Nairobi au Arusha amepanda ndege kwenda kuishi na familia Marekani, huenda ukacheka kwanza. Wengi wetu hiyo ndege yenyewe tunaiona ikipita juu tu. Lakini mambo hayo hutokea. Mgeni anakuja kufanya kazi miaka miwili, anamzoea mbwa wa mtaani anayelala mlangoni pake, na mkataba ukiisha hataki kumwacha. Au familia iliyo ng'ambo inaona picha ya mbwa kwenye simu, inampenda, na inaanza kutafuta njia ya kumfikisha kwao.

Anayeanza kupanga safari ya namna hiyo hushtushwa na gharama, kwa sababu jumla yake inaweza kufika maelfu ya dola. Baadaye hushtushwa zaidi na muda. Mbwa mwenye afya, anayekula vizuri na kucheza, anaweza kukaa miezi miwili, mitatu au zaidi akisubiri ruhusa. Kizimba kimeshanunuliwa, anayempokea yuko tayari, hata nauli ipo. Lakini siku zinahesabiwa, na hakuna wa kumhonga ili siku ziende mbio.

Tunaeleza hapa sababu ya kusubiri huko. Tunajua msikilizaji wetu wa kijijini huenda asisafirishe mbwa kwa ndege maisha yake yote. Hata hivyo jambo hili linamhusu. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo kwenye orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa uliotuingiza kwenye orodha hiyo hauui watu New York. Unaua watoto vijijini kwetu.

Vyeti vilikuwepo, kichaa kikapita

Mwaka 2007 Marekani ilitangaza kwamba imetokomeza kichaa kinachoambukizwa kutoka mbwa hadi mbwa. Ugonjwa wenyewe haujaisha huko, bado uko kwa popo na wanyama kadhaa wa porini. Lakini mbwa wao hawauenezi tena wao kwa wao kama ilivyo huku. Kwa nchi iliyofika hapo, hofu kubwa ni mbwa mmoja tu atakayeingia na ugonjwa kutoka nje, akamng'ata mwingine, na mambo yakaanza upya.

Mbwa wa namna hiyo ameshaingia zaidi ya mara moja. Januari 2019 mbwa 26 waliookolewa Misri walipelekwa Kansas, na mmoja wao akapatikana na kichaa. Juni 2021 mbwa 33 walitoka Azerbaijan wakatua Chicago, kisha wakasambazwa kwa familia za majimbo mbalimbali. Mmoja, aliyekwenda Pennsylvania, alianza kuonyesha dalili siku chache baada ya kufika. Vipimo vikathibitisha kichaa. Maofisa wa afya wakalazimika kuwasaka wenzake aliosafiri nao, pamoja na watu waliomshika, jimbo kwa jimbo.

Mbwa hao hawakupitishwa njia za panya. Walikuwa na vyeti vya chanjo, na waliowapeleka walikuwa na nia njema. Tatizo ni kwamba cheti kinaeleza sindano ilichomwa lini. Hakielezi kama chanjo ilishika. Chupa ya dawa huenda ilikaa juani. Mbwa huenda alichomwa akiwa mdogo mno. Huenda alikuwa ameshang'atwa na mgonjwa wiki tatu kabla ya sindano, na hakuna aliyeona. Halafu kuna cheti kinachoandikwa bila mbwa kuonekana; hilo halihitaji maelezo marefu kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya ofisi.

Mwezi uliofuata, Julai 2021, kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kilisimamisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100. Zuio hilo lilikuwa na milango midogo ya ruhusa maalumu, likasogezwa mbele mara kadhaa, na hatimaye kanuni mpya zikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2024.

Hesabu ya siku

Chini ya kanuni hizo, mbwa aliyechanjwa huku kwetu haingii Marekani kabla ya kutimiza miezi sita. Lazima awe na chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi ya shingo kwa sindano. Chipu haina betri wala haimfuatilii mbwa popote alipo. Ina namba tu, inayosomwa kwa mashine. Namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye cheti cha chanjo ili mbwa mmoja asisafiri kwa karatasi za mwingine. Cheti chenyewe hujazwa na daktari wa mifugo na kuthibitishwa na daktari wa serikali.

Baada ya chanjo ndipo inapokuja damu. Kama ni chanjo yake ya kwanza, zinapita angalau siku 30, kisha mbwa anatolewa damu ipimwe kwenye maabara inayotambuliwa, kuona kama mwili wake umejenga kinga ya kutosha. Kutoka siku ya kutolewa damu zinahesabiwa siku nyingine 28 kabla hajaingia Marekani. Asiyekuwa na kipimo cha damu anaweza kuingia, lakini anawekwa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenye mbwa. Zaidi ya hayo, hashuki uwanja wowote wa ndege. Anapita kwenye vile vichache vyenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC, na nafasi huko huombwa mapema.

Umoja wa Ulaya una hesabu yake. Nchi zetu hazimo kwenye orodha yake ya nchi zinazoaminiwa kuhusu kichaa. Hivyo mbwa anayetoka huku huwekewa chipu, huchanjwa, hutolewa damu baada ya siku 30, kisha hungoja miezi mitatu kamili kutoka siku ile ya damu.

Tuchukue mfano. Mbwa amechanjwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi. Damu inatolewa mapema kabisa tarehe 31 Machi. Kwenda Marekani hawezi kabla ya tarehe 28 Aprili, na kwenda Ulaya ni mwisho wa Juni, hata kama damu imeonyesha kinga ya kutosha. Na hapo tumedhani kwamba hakuna karatasi iliyokosewa. Mwenye mbwa akigundua kwamba chipu iliwekwa baada ya chanjo, anaanza upya, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechomwa siku ile ndiye huyu.

Kama damu imeshaonyesha kinga, kwa nini bado asubiri? Sababu iko kwenye tabia ya ugonjwa wenyewe. Mnyama aking'atwa na mwenye kichaa, virusi havilipuki siku hiyo. Husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Mara nyingi huchukua wiki kadhaa au miezi miwili mitatu kabla dalili hazijaonekana, na wakati mwingine zaidi. Katika muda huo wote mbwa anakula, anabweka, anatikisa mkia. Damu inaweza kuonyesha kwamba ana kinga ya chanjo, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba hakuwa ameambukizwa kabla ya kuchanjwa. Kwa hilo kipimo ni muda. Miezi ya kungoja inapita, na kama kuna kitu kilichojificha, kinatarajiwa kujitokeza mbwa akiwa bado nyumbani, si kwenye sebule ya watu wengine.

Ndani ya kizimba

Safari yenyewe ina hatari zake, na hapa mambo mengi yanafanana iwe ni ndege, basi au pikapu.

Mashirika ya ndege hufuata taratibu za chama chao cha kimataifa, IATA. Mbwa lazima aweze kusimama ndani ya kizimba bila kichwa kugusa juu, ageuke, na alale kama anavyolala kawaida. Kizimba kiwe na matundu ya hewa pande zote, mlango usiofunguka ukitikiswa, na chombo cha maji kinachoweza kujazwa kutoka nje. Mbwa wenye pua fupi, wale wa uso uliobonyea, mashirika mengi huwakataa au huwawekea masharti, kwa sababu hushindwa kupumua vizuri kwenye joto.

Kosa ambalo watu hulifanya kwa huruma ni kumpa mbwa dawa ya usingizi ili asiogope. Madaktari wa wanyama kwa kawaida wanalipinga. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kuvuruga pumzi, na angani hakuna wa kumtazama. Anayetaka mbwa wake asafiri kwa utulivu amzoeshe kizimba wiki kadhaa kabla: amwekee chakula humo, alale humo mlango ukiwa wazi, kisha mlango ufungwe dakika tano, kumi, saa moja. Siku ya safari ale kidogo tu, saa kadhaa kabla ya kuondoka, lakini maji apate.

Mbwa aliyeokotwa ana jambo lake la pekee. Huyu hajazoea jina alilopewa juzi, hamjui anayempokea, na maisha yake yote ameponea kwa kukimbia. Mahali pa kumpoteza ni pale anapokabidhiwa: mlango wa kizimba unafunguliwa kwenye maegesho, watu wanataka picha, mbwa anaponyoka na kuingia barabarani kwenye mji asioujua. Wazoefu huwa hawafungui kizimba nje. Wanamwingiza ndani ya chumba kwanza, wanafunga mlango, ndipo wanamtoa. Shingoni ana mkanda wenye namba ya simu ya mtu aliye karibu na hapo, si ya mtu aliyebaki nchi nyingine.

Kuna na matapeli, na hawa hukufuata kwenye simu yako. Picha ya mtoto wa mbwa mzuri, maelezo kwamba anatolewa bure, unachotakiwa ni nauli tu. Ukilipa nauli, unaambiwa amefika uwanja fulani lakini kizimba chake hakifai, tuma hela ya kizimba. Halafu bima. Halafu karantini, pamoja na vitisho kwamba usipolipa utashtakiwa kwa kumtelekeza mnyama. Mbwa hakuwepo tangu mwanzo. Mtu mwenye mbwa kweli anaweza kukupigia simu ya video ukamwona akitembea, na anaweza kukutajia jina la daktari aliyemchanja ukampigia mwenyewe.

Mbwa aliyevuka bahari kwenda Pemba

Ni rahisi kuyaona haya yote kuwa mambo ya Wazungu na mbwa wao. Ndivyo yalivyozungumzwa hata katika chumba chetu cha habari, kwa utani. Lakini mfano ulio wazi zaidi wa kile ambacho Marekani inakiogopa umetokea hapa nyumbani, kisiwani Pemba.

Watafiti walifuatilia kichaa kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020. Walitembelea waliong'atwa, wakauliza mbwa alitoka wapi na akaenda wapi, na wakasoma vinasaba vya virusi kujua kipi kimetoka kwa kipi. Mwanzoni kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani. Mbwa wakachanjwa kila mwaka, kisiwa kizima, na utaratibu ukazidi kuboreshwa. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Pemba ilikuwa imemaliza kichaa cha mbwa.

Kisha kampeni za chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 kichaa kikarudi, na vinasaba vikaonyesha kwamba hakikuwa masalia ya kile cha zamani. Kiliingizwa kutoka nje, tena mara mbili. Sasa tazama ramani. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wa bahari wenye upana wa takribani kilomita 50, na maji yake ni ya kina kirefu. Mbwa mgonjwa hauvuki kwa kuogelea. Kwa vyovyote vile alipanda chombo, na kuna mtu aliyempakia. Huenda alikuwa zawadi kwa ndugu, huenda alikuwa mbwa wa mlinzi aliyehamia kazini. Huenda siku hiyo alikuwa mzima kabisa kwa macho.

Kuingia mara mbili tu kulitosha kuwasha mlipuko ulioendelea hadi Oktoba 2018, pale uchanjaji wa kisiwa kizima uliporudishwa. Watu waling'atwa na walitafuta chanjo kwa hofu. Mbwa aliyefika Pennsylvania mwaka 2021 alikuta mbwa wengi wamechanjwa, maabara ziko karibu na maofisa wana magari ya kuwatafutia wenzake. Mbwa aliyefika Pemba alikuta kinga imeshuka. Tofauti ya maumivu inatoka hapo, kwa maana virusi ni vilevile.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kichaa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lengo lililowekwa duniani ni kufikisha vifo hivyo sifuri ifikapo 2030, na njia yake inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka hadi mwaka. Kumchanja mbwa mmoja kwenye kampeni hugharimu dola chache. Pesa inayompeleka mbwa mmoja Marekani ingeweza kuchanja mbwa wa vijiji kadhaa. Simlaumu anayelipa nauli hiyo. Mbwa ni wake na pesa ni zake. Ninachoona ni kwamba masharti anayowekewa yeye hapaswi kuwekewa peke yake, wakati mbwa wetu wengine wanazunguka nchi nzima bila kuulizwa kitu.

Boksi kwenye buti la basi

Maana huku kwetu pia mbwa husafiri mbali, ila hatuiti jambo hilo kwa jina kubwa. Shemeji kijiji cha mbali ana jike aliyezaa sita. Anakutengea mmoja wa kulinda mbuzi. Mtoto wa mbwa anawekwa kwenye boksi la sabuni, kondakta anapewa chochote, boksi linaingia kwenye buti la basi pamoja na magunia, na jioni unalipokea stendi, wilaya nyingine kabisa. Wafugaji wanaohama na mifugo huhama na mbwa wao. Mbwa mkubwa hufungwa miguu na kutiwa kwenye kiroba nyuma ya bodaboda.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa wa kwenye kiroba anamo ndani yake sawa na ng'ombe. Lakini tuseme la kiafya kwanza. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi. Ukimfunga mdomo kwa kamba ukamweka kwenye buti lenye joto, unaweza kufungua boksi ukakuta amekufa bila jeraha. Akilazimika kusafiri, asafiri asubuhi au usiku, kwenye kitu chenye matundu, mahali hewa inapopita, na anyweshwe maji kila gari linaposimama.

La pili ni umri. Wapo wanaochanganyikiwa hapa, na wana haki. Kampeni za kijijini huchanja hata watoto wadogo wa mbwa, wakati kanuni za safari za nje hazihesabu chanjo ya mbwa aliye chini ya wiki 12. Yote mawili yana sababu. Mtoto wa mbwa bado ana kinga ya mama yake, na inaweza kuidhoofisha chanjo, kwa hiyo anayetaka uhakika wa cheti hungoja. Kwenye kijiji chenye kichaa, kungoja ni hatari zaidi, kwa hiyo anachomwa hivyo hivyo na kurudiwa baadaye. Mtoto wa kwenye boksi la sabuni basi ana uwezekano mkubwa wa kufika bila kinga ya kuaminika, na huenda mama yake naye hakuwahi kuchanjwa.

Ukitaka kumsafirisha mbwa wako wilaya au kisiwa kingine, pitia kwanza ofisi ya mifugo ya kata au wilaya. Uliza kibali cha kusafirisha mnyama kinavyopatikana, na mbwa achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya kuondoka, si asubuhi ya safari. Hiyo ya asubuhi ya safari ni sawa na mwavuli unaoufungua ukiwa umeshalowa. Anayekwenda Unguja, Pemba au Mafia awe mkali zaidi, kwa kuwa kisiwa kikishasafishwa, kinachokirudisha nyuma ni chombo kinachofunga gati.

Na wewe unayempokea, mtenge na mbwa wengine wa mji kwa wiki mbili za mwanzo, kwa sababu ya minyoo, kupe na maradhi ya kuhara yanayoua watoto wa mbwa. Kichaa hakimaliziki kwa wiki mbili. Kwa miezi mitatu minne endelea kumwangalia: mbwa mpole anayegeuka mkali ghafla, anayedondosha mate, anayeng'ata mawe na vijiti, ambaye sauti ya kubweka imebadilika, au ambaye taya limelegea hawezi kumeza. Huyo msimshike mkono, wala msimfungue kinywa mkidhani amekwamwa na mfupa. Mwiteni afisa mifugo.

Akimng'ata mtu kabla hamjajua hali yake, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 za saa, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Ulizeni kwa simu kwanza chanjo ipo wapi, maana mara nyingi haipo zahanati ya kijiji bali hospitali ya wilaya au ya mkoa, na nauli ya kwenda mara mbili bure huwakatisha wengi tamaa. Msimuue mbwa na kumtupa mtoni. Kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, afungiwe na atazamwe siku 10. Daktari atahitaji kujua kama alikufa au aliishi. Na shemeji aliyemtuma apigiwe simu siku hiyohiyo, aeleze wale watano wengine walikwenda kwa nani.